Diski Iliyosalimia Kila Asubuhi

Kabla hujaifungua kompyuta ya mtu, isikilize. Usishike bisibisi, usiulize imeanza lini. Iwashe, inamisha kichwa, nyamaza.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa mengi kuhusu programu, na mjifunze. Mimi nitawaambia kuhusu sauti. Kwa miaka ishirini na miwili nimefunga, nimefungua na nimezika diski za kompyuta, kwanza Kibondo, kisha Kasulu. Niliacha kazi mwaka jana. Uzee bado, ni sikio langu la kulia lililokufa. Fundi wa diski asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja: anaweza kuendelea, lakini wanaokula ndio watakaojua.

Chuo sikusoma. Nilisoma vitabu vilivyokosa majalada, tena kurasa za mwisho zikiwa zimeng'olewa, na nilisoma kwa kuharibu vitu. Aliyenisimamia nikiharibu alikuwa Mzee Shabani, fundi redio wa Kibondo ambaye wazee wake walitoka Pangani. Kompyuta hakuzipenda. Alisema ni redio zilizosahau kuimba. Lakini ndiye aliyenionyesha namna ya kusikiliza mashine kwa bisibisi: ncha unaiegemeza kwenye mwili wa kitu, mpini unauweka kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sauti inapanda kwenye chuma na kuingia kichwani. "Kila kitu kinachoumwa husema," aliniambia. "Tatizo ni wewe, huna adabu ya kunyamaza."

Diski ya kwanza niliyoifungua ilikuwa nzima. Hilo ni kosa langu la kwanza nami nalisema mapema ili msilirudie. Ilikuwa na tatizo dogo tu, haikuonekana kwenye mashine, nami nikaona nitazame ndani. Nilipoondoa kifuniko nilikutana na uso wangu. Sahani za ndani ya diski zinang'aa kuliko kioo chochote cha kinyozi, na uso wako unauona pale ukiwa mweusi kidogo, kama mtu aliye chini ya maji. Niliona chembe ya vumbi juu ya sahani nikaipuliza kwa mdomo. Mzee Shabani alikuwa nyuma yangu. Aliuliza kwa upole, "Hapo umeipulizia roho, au umeitoa?"

Nilikuwa nimeitoa. Sikilizeni kwa nini. Ndani ya diski kuna sahani moja au zaidi, zimepakwa utando mwembamba unaoshika sumaku. Mota inazizungusha, diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara elfu saba na mia mbili kwa dakika, yaani mara mia moja na ishirini kila sekunde. Juu ya sahani kuna mkono, na kwenye ncha ya mkono kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika. Kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu ya upepo unaotokana na mzunguko wenyewe, na nafasi iliyopo kati yake na sahani ni ndogo kuliko chembe ya moshi. Sasa fikirini mate ya kijana wa Kibondo aliyetoka kula mihogo. Kwa kichwa kile ni milima na mabonde.

Kwa hiyo: diski unayoitaka, usiifungue kamwe. Unaweza kuigeuza, kuichomoa, kuipa waya mpya, kuisikiliza. Kuifungua ni kazi ya chumba kisicho na vumbi, na sisi wa nyanda hizi tuna vumbi mpaka ndani ya sala zetu.

Kwenye kufunga, mambo ni machache lakini yana wivu. Chomoa umeme wa ukutani, kisha shika chuma cha kasha ili umeme uliokusanyika mwilini mwako utoke kabla hujagusa ubao wa saketi. Diski ikae imara, kwa skrubu nne, siyo mbili. Skrubu ziwe fupi. Niliwahi kutumia ndefu kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Nilikaza mpaka nikasikia kitu kikiachia ndani, na diski ile haikunena tena. Waya ni mbili, ya data na ya umeme, kila moja ina umbo lake na haihitaji nguvu. Ikikulazimu utumie nguvu, umeigeuza.

Na mteja akikwambia diski imekufa, usimwamini, wala usimbishie. Anza na waya. Niliwahi kusafiri kutoka Kibondo hadi Kakonko kwa pikipiki, mvua yote ikiwa yangu, kwenda kufufua diski ya mwalimu mmoja. Nilifungua kasha nikakuta panya amejenga kiota humo na kuisukuma waya ya data mpaka imelegea. Niliirudisha kwa kidole kimoja. Mwalimu aliniangalia kama niliyemlaghai. Basi utaratibu ni huu: waya ya data kwanza, badilisha. Waya ya umeme ya pili, badilisha. Kisha pima kama umeme wenyewe unatosha, kwa sababu diski isiyoshiba umeme hugonga kama diski mgonjwa. Ukishamaliza hayo yote na bado inagonga, hapo ndipo umfikirie mgonjwa mwenyewe.

Mlio wa kugonga mtausikia wengi wenu mara chache tu, kwani diski hizi zinaisha. Uko hivi. Kiwandani, kwenye sahani, huandikwa alama zinazokiongoza kichwa kijue kiko wapi. Kichwa kikichoka, au sahani ikichubuka, kichwa hakizioni alama. Mkono unarudi mahali pake pa mwanzo, unagonga, unatoka tena kutafuta. Hauoni, unarudi. Ta. Ta. Ta. Kimya. Ta. Ta. Ta. Ni kipofu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nimewaeleza haya kwa utaratibu ili nitakaposimulia kilichotokea upande wa Munanila mjue kwamba sikuwa mtu wa kushtuka kwa mlio wa diski.

Mwalimu Bonifasi alikuwa katekista wa kigango kimoja, kanisa dogo la parokia, huko juu, karibu na mpaka. Kigango kilikuwa na kitabu kikubwa cha ubatizo, na mchwa walikuwa wamekianza kutoka kwenye uti. Mwalimu alikaa masika yote akipiga picha kurasa kwa simu yake, ukurasa mmoja mmoja. Simu ilipojaa, alihamishia picha kwenye kompyuta, akafuta za kwenye simu, akaendelea. Kompyuta ile nilimfungia mimi. Diski yake ilikuwa ya mtumba, niliinunua katika shehena iliyoingia Kasulu. Niliijaribu dukani, nikaisikiliza kwa bisibisi, na nikasikia ikigonga mara moja, moja tu, ilipoanza kuzunguka. Nilipoiwasha tena haikugonga. Nikajiambia ni kuzeeka kwa kawaida.

Nilifanya na jambo jingine. Nyumbani kwake walitumia umeme wa jua, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha kompyuta, ilikuwa ikijizima betri inapopungua. Ili mzee asihangaike, nilipanga mashine iwake yenyewe kila umeme unaporudi. Ni mpangilio wa dakika moja. Nilijiona mwerevu.

Baada ya miezi alinipigia simu. Hapa lazima niwaeleze wenzetu mliotoka mikoa mingine. Waha husalimiana kwa viganja. Mtu akimkuta mkubwa asubuhi anainama kidogo, anakunja viganja na kupiga makofi ya polepole, ya chini, huku akisema *mwakeye*, yaani umeamkaje. Na anayesalimiwa hujibu hivyo hivyo. Kuacha salamu ya viganja bila kujibu ni jambo zito. Nyumba nzima itajiuliza kuna ugomvi gani.

Basi Mwalimu akaniambia kwenye simu, akicheka, "Fundi, mashine yako imeanza kunisalimia. Ikiamka tu, makofi matatu. Ina adabu kuliko wakwe zangu."

Nilijua ni nini. Nilijua papo hapo, kama daktari anavyojua kikohozi. Lakini siku hiyo nilikuwa na mashine sita mezani. Nikamwambia, "Basi itikia, Mwalimu, usije ukaonekana una kiburi. Mimi nakuja wiki ijayo."

Tulicheka wote wawili. Wiki ijayo sikwenda. Wala iliyofuata. Wiki ya tatu nikasikia Mwalimu amefariki, shinikizo la damu, akiwa shambani. Nilituma rambirambi kwa simu. Kuhusu diski sikukumbuka chochote, na hilo nalisema kama lilivyo.

Zikapita wiki saba. Siku ya Jumatatu aliingia dukani kwangu mwanamke mwembamba, mpishi wa shule moja, jina lake Generoza. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuegemea. Alieleza kwamba alikuwa akiomba kitambulisho cha taifa. Mama yake alitoka ng'ambo ya mpaka, akaolewa huku, akafariki Generoza akiwa hajaota meno. Baba naye alishafariki. Ofisi ya vitambulisho ilimwambia alete kitu chochote cha maandishi kinachoonyesha alizaliwa wapi na kwa nani, kabla ya Ijumaa. Asipoleta, jina lake litahamia kwenye orodha ya wageni na ataanza kuhojiwa upya kutoka hapo.

Ninyi mnaokaa mbali na mpaka huenda hamjui uzito wa orodha hiyo. Kwetu lugha ya huku na ya kule zinakaribia kuwa moja, majina ni yale yale, sura ni zile zile. Karatasi ndiyo inayosema wewe ni wa upande gani. Generoza alikuwa na watoto watatu, na yeye asipokuwa wa hapa, aliniuliza, wao wangekuwa wa wapi?

Alikuwa amekwenda kwanza kigangoni kuangalia kitabu. "Mchwa wamekula ubatizo wangu, fundi," alisema. "Wamebakiza dhambi."

Nilicheka, naye alitabasamu kidogo. Kisha akasema picha za kitabu zimo kwenye mashine ya marehemu Mwalimu, lakini hakuna anayethubutu kuigusa. Nikamuuliza kwa nini. Alitazama mlangoni kwanza.

"Inaamka yenyewe asubuhi," alisema. "Inapiga makofi."

Nilihisi ubaridi ukinishuka mgongoni, na haukutoka kwa marehemu. Ulitoka kwa hesabu: wiki tatu kabla ya kifo, wiki saba baadaye, kila asubuhi.

Jumanne tulifika kabla ya saa tatu. Kule juu, asubuhi kuna ukungu mzito, na nyumba ya Mwalimu ilikuwa imejaa ubaridi kama chungu. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Mjane, Mama Anjela, alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni akiikabili kompyuta, ambayo ilikuwa imefunikwa kwa kanga. Skrini ilikuwa imezimwa. Alitukaribisha kwa sauti ndogo, akatuonyesha pa kukaa, kisha akainua kidole tunyamaze. Tulikaa. Jua lilitoboa ukungu. Kwenye kona, inveta ililia mara moja.

Chini ya kanga kitu kikaanza kuzunguka. Nilisikia mota ikipanda, sauti ninayoijua kuliko ya watoto wangu. Kisha: makofi matatu. Ya polepole, ya chini. Kimya. Matatu tena. Kimya. Matatu tena.

Mama Anjela aliinama, akakunja viganja, akapiga makofi. "Mwakeye, Mwalimu," alisema.

Na diski ikatulia. Mkono ukapata njia, nikasikia kichwa kikianza kusoma, ule mkwaruzo mdogo kama kuku anayechakura majani.

Nilikuwa na maelezo. Kwa adabu, Mama Anjela alingoja mizunguko mitatu ndipo aitikie, na diski ile ilikuwa ikifaulu kwenye jaribio la nne. Kwa wiki saba kila mmoja alikuwa amemfunza mwenzake. Nilijieleza hivyo na nilijiamini. Ila vinyweleo vya mikono yangu havikuwa vimeyasikia maelezo.

Nikamwambia mjane kwamba mashine ni mgonjwa, na kila ikiamka inazidi kujichubua ndani. Lazima nizime, nichomoe diski, niipeleke Kasulu. Alitikisa kichwa. Haitatoka ndani ya nyumba mpaka matanga yaanuliwe, na salamu haitakatwa. Nilijaribu tena kwa upole. Nilimwambia kuwa kuiacha iwake kila siku ndiko kunakoimaliza, na nikauliza ni nani aliyewashauri waiache hivyo.

Aligeuka kunitazama. "Wewe ndiye fundi wa Kasulu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwalimu aliniambia fundi amesema tuiitikie mpaka aje. Alipofariki nikaendelea." Alikunja kanga magotini. "Nilikuwa nangoja uje."

Generoza aliniangalia, akaangalia sakafu. Hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa rahisi kama wangenilaumu.

Tulikubaliana hivi: kazi ifanyike pale pale sebuleni, asubuhi, na salamu iwepo. Na kwa kweli lilikuwa shauri zuri hata kiufundi. Ile barabara kwa pikipiki ingemaliza kichwa kilichobaki, na diski inayochoka husoma vizuri zaidi ikiwa na ubaridi. Jumanne hiyo nilibadilisha waya ya data, nikabadilisha ya umeme, nikapima volti. Zilitosha. Alikuwa mgonjwa mwenyewe. Nikaizima kwa ruhusa ya mjane, nikaichomoa diski kutoka kwenye kasha, nikaomba jiwe la kusagia. Ni zito, halitikisiki, na lina ubaridi mpaka mchana. Nikailaza diski juu ya jiwe kwa waya ndefu. Pembeni nikafunga diski mpya nzima ya kupokea nakala.

Kanuni ya diski inayokufa, iandikeni: usiirekebishe. Ile programu ya kukagua na kurekebisha inayojitokeza yenyewe, ikatae, kwa kuwa inamlazimisha mgonjwa kukimbia. Usifungue faili moja moja ukichungulia. Washa mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine, kisha nakili diski yote, kipande kwa kipande, kwa programu inayoruka panapokataa na kuendelea mbele. Ukifika mwisho, rudi kinyumenyume kuokota palipobaki. Kutafuta faili utatafuta kwenye nakala, baadaye, kwa amani.

Jumatano iliamka saa tatu kasoro kidogo. Mama Anjela akaitikia, ikatulia, nikaanza kunakili. Ilienda kwa saa moja na nusu, ikaanza kupata joto, ikagonga. Nikazima. Mchana nilipekua nakala na kukuta picha za kurasa nyingi, mamia ya watu, majina kwa wino wa buluu. Generoza alikaa kando yangu akiwataja kwa sauti kadiri tulivyofungua. Huyu ni shangazi. Huyu alikufa maji Malagarasi. Huyu yuko Uvinza anauza chumvi. Wa kwake hakuwamo. Ukurasa wake ulikuwa ndani ya sehemu ambayo diski ilikuwa imekataa.

Alhamisi ndiyo ilikuwa asubuhi ya mwisho. Ili kufika ofisini Ijumaa mapema, Generoza alipaswa kuondoka mchana huo.

Ukungu ulichelewa kutoka. Tulikaa watatu tukiitazama diski juu ya jiwe, kidude cha chuma kisichozidi kiganja. Inveta ikalia. Mota ikapanda. Makofi matatu. Kimya. Matatu. Kimya. Matatu.

Nilimtazama Mama Anjela nikingoja aitikie. Hakuitikia. Mikono yake ilikuwa imelala magotini.

Matatu tena. Nilisema moyoni, la nne, sasa itashika. Haikushika. La tano. La sita. Kwa kawaida diski hukata tamaa baada ya majaribio machache, inazima mota yake yenyewe. Hii haikuzima. La saba. Niliweka bisibisi sikioni, na makofi yakaniingia kichwani kupitia mfupa, na naapa hayakuwa ya haraka wala ya hasira. Yalikuwa ya mtu aliyesimama mlangoni, anayejua kwamba wewe umo ndani.

"Mama," nilisema, "itikia."

"Mimi nimeshaitikia kwa niaba yako wiki saba," alisema. "Leo itikia mwenyewe."

Mimi ni mtu wa utaratibu. Huwa siandiki nisichoweza kupima. Niliweka bisibisi chini, nikapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, nikakunja viganja, nikapiga makofi matatu. "Mwakeye, Mwalimu," nilisema. Halafu nikaongeza, kwa sababu ilinijia, "Nimechelewa."

Ikatulia.

Ilisoma dakika arobaini bila kugonga hata mara moja. Sijawahi kuona diski iliyofikia hali ile ikisoma namna hiyo. Palepale ilipokataa jana ilipita kama mtu anayepita nyumbani kwake. Kisha mota ikashuka, taratibu, sauti ikazama chini na chini mpaka nikabaki nikisikia damu yangu mwenyewe. Haikuzunguka tena. Nilijaribu Kasulu baada ya matanga kuanuliwa, kwa ubao mwingine wa saketi, kwa umeme mwingine. Hapakuwa na kitu.

Tulifungua nakala. Picha ya tisa kati ya zile mpya za siku hiyo ilikuwa ya ukurasa uliolala upande, mchwa wameula pembe moja. Jina la Generoza, la baba, la mama, kijiji, siku ya kuzaliwa, jina la mbatizaji. Yote yamo. Chini ya picha, mahali karatasi ilipokuwa imeinuka, kulikuwa na kidole gumba kikiikandamiza ili isijikunje. Ukucha umepasuka katikati, kwa jembe nadhani. Mama Anjela alikitambua kabla yetu. Generoza aliinua mkono wake kwenye skrini, nami nilidhani atagusa jina lake. Aligusa kile kidole.

Ijumaa aliwapelekea chapisho la picha hiyo na barua ya parokia iliyothibitisha. Walimpokea. Miezi kadhaa baadaye alikuja dukani akaweka kitambulisho mezani kama mtu anayelaza karata ya mwisho, kisha akaniuliza kama nimepata chakula.

Mtaniuliza naamini nini. Joto la asubuhi ile lilikuwa chini kuliko la siku mbili za kwanza. Huenda ni hilo. Huenda vumbi la chuma lilihama kichwani. Nimeyaandika kwenye daftari langu la kazi kama nilivyoyaona, pamoja na saa, na pale pa sababu nimeacha wazi.

Ninyi mtafunga SSD, hizi diski za kisasa zisizozunguka. Ni nzuri, nyepesi, za haraka, hazina mkono wala sahani, hazijali barabara zetu. Lakini jueni jambo moja: hazigongi. Leo inafanya kazi, kesho haionekani, na katikati hapakuwa na salamu. Ndiyo maana nakala za kazi za wateja wenu zifanyeni zikiwa nzima, na ziwe mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Zile za zamani zilikuwa na huruma ya kukwambia. Wasiosikia tulikuwa sisi.

Sasa hili sikio. Daktari wa Kigoma amelipima akasema halisikii chochote cha nje. Nilimwambia kuna kinachosikika. Alisema ni kawaida, sikio lililokufa hutengeneza sauti zake lenyewe, wengine husikia mluzi, wengine mvua. Mimi nasikia asubuhi tu, jua linapotoka, mara tatu, kisha kimya. Mke wangu alishazoea kuniona nikiketi ukingoni mwa kitanda na kupiga viganja.

Nikishaitikia, nachukua simu na kutazama ni nani aliyenipigia jana nikamwambia nitakuja wiki ijayo. Kisha navaa viatu.